Siku Tano na Kipepeo wa Mlimau

Mkunazini

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar huficha uzuri wake ndani. Ukipita njiani unaona ukuta wa mawe na chokaa, mlango wa mbao uliochongwa, na baraza waliyokalia wazee na vikombe vyao vya kahawa. Ukipiga hodi ukakaribishwa, ukavuka ukumbi wenye kivuli kinachopumzisha macho, ndipo unapotokea uani penye mwanga. Katika nyumba niliyofikia mimi, mtaa wa Mkunazini, ua ule una kisima cha zamani, mirihani kwenye makopo, na mlimau mmoja ambao kilele chake kimefika madirisha ya ghorofa ya kwanza.

Ilikuwa mwezi wa Juni. Masika yalikuwa yamekwisha, kusi inavuma, na mlimau umetoa majani mapya, laini hata jua linapenya ndani yake.

"Shikamoo, Bibi," nilimwamkia mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, upoe."

Sijamaliza kikombe cha chai ya mchaichai, kipepeo alishuka kutoka juu ya paa. Alikuwa mkubwa, mabawa yake yakikunjuka yanafika upana wa sentimita 10 au zaidi. Rangi yake ni nyeusi, iliyotawanywa madoa na mikanda ya manjano kama ya siagi. Kwenye kila bawa la nyuma kuna doa la mviringo la bluu na jekundu, lililokaa kama jicho. Jamaa zake wengi wana mikia miwili inayoning'inia nyuma ya mabawa. Huyu hana.

Wataalamu humwita Papilio demodocus. Jina hilo alipewa mwishoni mwa karne ya 18 na Mjerumani Eugenius Esper, kwa kumbukumbu ya Demodocus, mwimbaji kipofu katika utenzi wa Kigiriki wa Homer. Mimi namwita kipepeo wa mlimau, kwa sababu maisha yake yameshikamana na mti huo.

Aliuzunguka mlimau mara mbili, akatua kwenye chipukizi, akaanza kuligongagonga jani kwa miguu ya mbele. Kipepeo jike huonja kwa miguu. Akikuta jani silo, huruka akajaribu jingine. Hili lilimridhisha. Alikunja tumbo chini ya ncha ya jani kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha akapaa na kupotea juu ya mapaa. Nilisogea kutazama. Alikuwa ameacha yai moja tu, la mviringo, la manjano hafifu, dogo kama punje ya ulezi.

"Usimfukuze akirudi," alisema Bi Mkubwa. "Kipepeo akiingia nyumbani, ujue mgeni yuko njiani. Leo mmeingia pamoja."

Kisha akaongeza, "Ila wale wadudu wanaonitafunia majani, wale siwataki. Kila nikimwona mmoja namtoa kwa kijiti, namkanyaga."

"Bibi, wale ni watoto wa huyu."

Alinitazama kitambo. "Wa huyu?"

"Wa huyu huyu."

Hakunijibu. Aliingia ndani, akarudi na uzi mwekundu wa kushonea, akanipa niufunge kwenye tawi lenye yai. Tukakubaliana kwamba tawi lile lisiguswe mpaka nirudi siku ya tano.

Jioni niliteremka Forodhani. Kila nilichokula kilipita kwenye mikono ya jamaa za mti ule: urojo uliokamuliwa ndimu, pweza aliyenyunyiziwa ndimu na pilipili, na maji ya miwa yaliyosindikwa pamoja na ndimu na tangawizi. Mbele yangu majahazi yalikuwa yametia nanga, nikakumbuka kwamba malimau, ndimu na machungwa asili yake ni Asia, na kwamba yalifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Kipepeo yeye ni mwenyeji. Kabla ya malimau alikula miti ya porini ya ukoo huohuo. Mgeni alipofika na majani yenye harufu aliyoizoea, alimpokea. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba ndugu yake wa karibu, Papilio demoleus, yuko ng'ambo ya bahari hiyohiyo, Oman na Bara Hindi, naye vilevile huwalea watoto wake kwenye mindimu. Pande zote mbili za pepo za kaskazi na kusi, ndimu ina kipepeo wake.

Ndijani

Siku ya pili nilikwenda shamba, kama Waunguja wanavyosema wanapotoka mjini. Njia inapita kwenye minazi na miembe, kisha ardhi inakuwa nyekundu na nzito, na harufu ya karafuu inaanza. Nilisimama kidogo Kizimbani, ambako palikuwa na mojawapo ya mashamba ya mwanzo kabisa ya karafuu ya Unguja katika karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, na tangu hapo Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Unguja ilibaki na mikarafuu, lakini ikapanda na vingi vingine: mdalasini, hiliki, shokishoki, doriani, na hayo machungwa niliyoyafuata Ndijani.

Mkulima aliyenipokea ni mzee mwenye konde ya michungwa na michenza, na pembeni yake kitalu cha miche. Mchungwa mzuri, alinieleza, ni wa kubebesha: unaotesha mlimau kwanza, kwa kuwa mizizi yake ni imara, kisha unaupachika kikonyo cha mchungwa. Kwa hiyo kitalu chake kilikuwa kimejaa milimau michanga, na milimau michanga ndiyo karamu ya viwavi.

"Njoo uone kinyesi cha ndege," aliniambia, akaelekeza kidole kwenye jani. Niliona uchafu wa kahawia iliyokolea wenye baka jeupe katikati, unaong'aa kama ulioanguka sasa hivi. Mzee akaugusa kwa ukoka. Uchafu ukatembea.

Hivyo ndivyo kiwavi wa kipepeo huyu anavyoanza maisha. Akitoka kwenye yai ni mdogo kama ncha ya uzi, na kwa siku zake za mwanzo hujifananisha na kitu ambacho hakuna ndege anayekitamani. Hujivua ngozi mara nne. Akifika vazi la tano hubadilika kabisa: anakuwa wa kijani kama jani lenyewe, mnene kama kidole cha mtoto, mwenye michirizi ya kahawia na nyeupe ubavuni, na alama mbili mabegani zinazoonekana kama macho.

Mmoja wa hao wakubwa alikuwa kwenye mche wa pili. Nilimgusa mgongoni. Papo hapo nyuma ya kichwa chake ziliruka pembe mbili laini, za rangi ya chungwa lililoiva, zimegawanyika kama ulimi wa nyoka, na hewa ikajaa harufu kali kama ya malimau yaliyovundika. Baada ya muda mfupi akazirudisha ndani, akaendelea kula. Hiyo ndiyo silaha yake. Kwa siafu na buibui inafaa. Kwa binadamu haina madhara yoyote.

"Huyu na mwenzake," alisema mzee, "mche huu wataumaliza kwa siku chache, wauache vijiti."

Nilitarajia anionyeshe bomba la dawa. Hakuwa nalo. Kila alfajiri baada ya kuswali hupita kwenye kitalu, huwaokota viwavi kwa mkono, na wengi wao huwahamishia kwenye mchungwa mkubwa ulio mwisho wa konde. "Ule una majani maelfu. Wale, hautikisiki. Hapa kwenye miche ndipo tunapogombana."

Kisha akaniinulia tawi la mchungwa huo. Majani yalikuwa yameshonwa kwa nyuzi nyeupe, yamefanywa nyumba, na juu yake majimoto, wale sisimizi washonaji, wanapanda na kushuka. Kila mtoto wa shamba anawajua majimoto kwa uchungu wao. Miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way aliwachunguza hapahapa Unguja, akaonyesha wanavyoilinda minazi dhidi ya kunguni anayefyonza nazi changa mpaka zikapukutika. Kunguni huyo wataalamu wakampa jina la kumkumbuka Way: Pseudotheraptus wayi. Kwenye michungwa majimoto huwinda viwavi pia. Wapo na nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya kiwavi au ndani ya pupa, yaani ganda anamogeuka kuwa kipepeo, na wapo ndege. Katika mayai mengi anayotaga jike mmoja, wanaofika kupata mabawa ni wachache.

"Nikipiga dawa," alisema mzee, "nawaua na majimoto, nawaua na nyuki wa maua. Nitabaki na nani wa kunisaidia?"

Tulikula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga chini ya mti. Baadaye alinimenyea machungwa kwa namna ya Unguja: kisu kinazunguka bila kuinuka mpaka ganda lote linatoka utepe mmoja, kisha unakatwa mfuniko juu, nawe unafyonza. Nilifyonza matano.

Pete

Siku ya tatu nilifika Pete, kijiji kilicho jirani na msitu wa Jozani, ambako kuna kituo cha vipepeo cha Zanzibar. Ni bustani iliyofunikwa wavu mkubwa, imepandwa maua ya asali na miti ya kulelea viwavi. Wazo lake lina jamaa kwingine pwani. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede, Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Baadaye ukafuata mradi wa Amani katika Usambara ya Mashariki. Wazo lilikuwa kwamba wakulima wanaoishi kando ya msitu wafuge vipepeo, na pupa zao zisafirishwe kwenda nyumba za maonyesho ng'ambo. Mtu anayepata riziki kutokana na kipepeo anajua kwamba kipepeo anatokana na mti, na mti unatokana na msitu. Kuutunza kunakuwa na faida anayoiona mkononi.

Nilikuja mapema kwa sababu moja: vipepeo wengi huzaliwa asubuhi.

Pupa zilikuwa zimepangwa kwenye fito. Kiwavi wa mlimau akishiba, baada ya kama wiki tatu za kula, huacha jani na kutafuta kijiti. Hushika mkia wake kwa kitone cha hariri, kisha hujizungushia mkanda mwembamba wa hariri kiunoni, akaegemea nyuma kama mkwezi wa mnazi aliyejifunga kamba. Hapo huvua ngozi yake ya mwisho na kubaki ganda. Nilionyeshwa maganda mawili ya aina hiyohiyo moja: moja la kijani, lililofungwa kwenye kijiti kibichi, na jingine la kahawia, lililofungwa kwenye ubao mkavu. Mahali alipojifunga ndipo panapomchagulia rangi. Ndani ya ganda, kwa muda wa wiki mbili hivi au zaidi, mwili wa kiwavi unavunjwavunjwa na kujengwa upya.

Ganda moja lilikuwa limebadilika, limekuwa jeusi, na madoa ya manjano yanaonekana kwa ndani. "Huyu ni wa leo," alisema dada anayewahudumia. Nilikaa mbele yake.

Ufa ulitokea nyuma ya kichwa. Miguu ikatoka kwanza, ikapapasa, ikashika. Kisha mwili wote ukajivuta nje: tumbo nene lililojaa maji, na mabawa manne madogo yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Akapanda juu kidogo, akaning'inia. Taratibu akaanza kusukuma maji ya mwilini mwake kuingia kwenye mishipa ya mabawa, nayo yakaanza kushuka, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka yakanyooka. Lilianguka tone la majimaji ya kahawia, taka ya siku zote za ndani ya ganda. Ilimchukua zaidi ya saa nzima kukauka. Niliona rangi zikifunuka, lile jicho la bluu na jekundu likitokea mwisho. Kisha akafungua mabawa mara tatu, akaruka.

Alipofika kwenye maua nilimtambua kwa tabia yake. Vipepeo wengi wakinywa asali hutulia. Huyu haachi kupigapiga mabawa, kana kwamba ameambiwa asichelewe.

Dada yule alinionyesha na jirani zake. Kulikuwa na kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na vibaka vyeupe, Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mpaka ndege wakajifunza kumwacha. Karibu yake alitua mwingine niliyedhani ni yuleyule. "Huyo si mwenzake," aliniambia. Ni jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu, aliyevaa nguo ya mwenye sumu ili aogopwe. Dume wake ni mweusi mwenye mabaka meupe yenye ukingo wa zambarau. Ukiwaona mume na mke pamoja, huwezi kusema ni ukoo mmoja.

Kizimkazi

Siku ya nne, kabla ya kushika njia ya kusini, niliingia Jozani. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004 na ina kilomita za mraba 50. Kima punju, ambao duniani kote porini hawana kwao ila Zanzibar, walikuwa wameketi juu ya matawi wakichuma majani machanga bila kutujali. Ndani ya kivuli kizito sikumwona kipepeo wangu hata mmoja. Yeye ni wa mwanga: pembezoni mwa msitu, mashambani, vichakani, bustanini. Niliporudi barabarani nilimkuta. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha dimbwi, na kwenye tope lake madume manane walikuwa wamejipanga wakifyonza chumvi, mabawa yakitetemeka yote pamoja.

Kizimkazi Dimbani nilisimama kwenye msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti ule umejengwa upya zaidi ya mara moja, lakini maandishi yale yamebaki. Nje, ardhi ni mawe matupu ya matumbawe, na juu ya mawe kuna kichaka cha miti mifupi yenye miiba.

Mzee mmoja wa hapo alinipeleka kichakani akanionyesha mjafari, mti ambao wazee wa pwani wanautumia kwa dawa. Shina lake lina miiba kwenye vinundu. Nilivunja jani nikalinusa: harufu ya limau. Mjafari ni wa ukoo wa mlimau, na miti ya jinsi hiyo ndiyo iliyomlisha kipepeo huyu kabla jahazi lolote halijaleta ndimu. Hapa ndipo kwake pa asili. Kandokando niliona visiki vipya. Kichaka cha mawe hukatwa kwa kuni, kwa mkaa, na kwa matanuri ya chokaa, kwa kuwa watu wanakiona ni pori lisilo na kitu.

"Watu wanapita hapa wakiharakia pomboo," mzee aliniambia. "Hakuna anayeuliza kichaka."

Mkunazini tena

Siku ya tano alasiri nilipiga hodi kwa Bi Mkubwa. Uzi mwekundu ulikuwa palepale. Yai halikuwa la manjano tena. Lilikuwa limekuwa jeusi jeusi, na kwa jicho la karibu kitu kilikuwa kinazunguka ndani yake. Nilimwita Bi Mkubwa. Alikuja na miwani yake, na mjukuu wake wa miaka saba akapanda juu ya kigoda.

Ganda likatoboka. Kikatoka kichwa cheusi, kisha mwili mwembamba wenye manyoya mafupi, usiozidi milimita chache. Kiwavi yule akapumzika kidogo, akageuka, akaanza kula ganda la yai lake. Hicho ndicho chakula chake cha kwanza duniani. Alipolimaliza akatambaa hadi ukingo wa jani, akaling'ata.

"Ameanza," alisema mjukuu.

Bi Mkubwa hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilimweleza niliyoyaona: kwamba huyu atakula kwa wiki tatu hivi, atafungwa kwa wiki mbili au zaidi, na akifuzu kuwakwepa majimoto, nyigu na ndege, atakuja kuwa yule mgeni anayempokea kwa furaha. Nilimweleza na habari za mzee wa Ndijani, anayewaokota viwavi kwenye miche na kuwaachia mti mkubwa.

Alilishika lile tawi lenye uzi. "Hili lake," alisema. "Mengine yangu."

Nami nimerudi na ombi kwako, msomaji mwenye mlimau uani au mchungwa nyuma ya nyumba, iwe Unguja, Tanga, Mombasa au popote Afrika penye ndimu. Kama mti wako ni mche, waokote viwavi kwa mkono usiunguze mti kwa dawa. Kama umeshakua, waachie tawi moja. Majani yatachipua tena baada ya mvua. Kipepeo hana njia nyingine ya kuja duniani ila kwa kula majani hayo.

Uzi mwekundu nimeuacha Mkunazini, umefungwa palepale.